Hofu Isiyo na Kazi

Wapelelezi wa Musa walikuwa kumi na wawili, nchi ilikuwa moja. Waliondoka pamoja katika jangwa la Parani, wakazunguka siku 40, wakaona ngome zile zile na wana wa Anaki wale wale, majitu ya watu. Walirudi na kishada cha zabibu kizito hata kikabebwa na watu wawili kwa mti mabegani, na makomamanga, na tini. Taarifa waliyoanza kuitoa mbele ya Musa haikuwa na uongo: nchi ni njema, miji ina kuta, wenyeji wana nguvu. Hapo njia zikaachana. Kumi wakazidi kuyakuza majitu mpaka wasikilizaji wakajiona panzi. Kalebu, na Yoshua upande wake, hakuyapunguza majitu hata inchi moja. Aliwanyamazisha watu akawapa kazi, akawahimiza wapande mara moja. Usiku ule kambi nzima ililia. Kilio hakijakauka, wakaanza kutafuta kiongozi wa kuwarudisha Misri, na mawe ya kuwapigia wale wawili.

Na wale kumi? Kitabu cha Hesabu kinasema walikufa kwa tauni.

Nimeihubiri sura hiyo kwa miaka mingi kama somo la imani. Tangu mwaka 2020 siwezi kuisoma bila kuona ndani yake chumba cha habari.

Kumbukeni ilivyokuwa. Januari 30, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Februari 11 ugonjwa ukapewa jina, COVID-19, ambao baadaye sisi Watanzania tuliuita UVIKO-19. Machi 11 ukaitwa janga la dunia. Siku mbili baadaye waziri wa afya Mutahi Kagwe akasimama Nairobi kutangaza mgonjwa wa kwanza wa Kenya, na Machi 16 Ummy Mwalimu, waziri mwenzake, akamtangaza wa Tanzania, aliyepatikana Arusha. Katika wiki hizo simu za watu hazikulala. Ukifungua Facebook unakutana na king'ora chekundu na herufi kubwa. Ukihamia Twitter unakutana na magari ya jeshi yakitoa majeneza Bergamo, Italia, usiku. Ukikimbilia WhatsApp unakuta shemeji ameshakutumia yote mawili, na mikono ya dua chini yake.

Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alikuwa ameonya mapema, Februari 15 kule Munich, kwamba dunia ina milipuko miwili, wa ugonjwa na wa habari, na kwamba habari za uongo zinakimbia kuliko kirusi chenyewe. Watu wakamsikia, vita dhidi ya uongo ikaanza. Wakaguzi wa ukweli walifanya kazi kubwa, nami nawaombea baraka. Picha ya majeneza ya wahamiaji waliozama Lampedusa mwaka 2013 ilipozungushwa kama picha ya wafu wa korona Italia, wao ndio walioifichua.

Lakini leo sisemi na waongo. Waongo wana mahubiri yao, na yatawafikia. Leo nasema nawe uliyesema kweli. Nasema nawe mhariri wa mitandao wa shirika kubwa la habari, unayekaa mbele ya skrini tatu, ambaye hujaandika uongo hata siku moja, na ambaye takwimu zako zote zilitoka wizarani. Ninakuuliza: ulituma ukweli, ndiyo, lakini ndani ya ukweli ule ulipakia nini? Kwa maana kila habari inayotumwa ina abiria wawili, jambo lenyewe na hisia inayosafiri nalo. Jambo ulilikagua mara tatu. Hisia aliikagua nani?

Usiniambie kwamba hisia haipimiki. Inapimwa, tena kwa mashine, na wasomi wameandika makaratasi mengi juu yake. Robert Plutchik, mwanasaikolojia wa Marekani, alizichora hisia za msingi mwaka 1980 kama gurudumu la nane: furaha, imani, hofu, mshangao, huzuni, karaha, hasira na matarajio. Kule Kanada Saif Mohammad na Peter Turney wakachukua maneno ya Kiingereza zaidi ya 14,000, wakawauliza watu mtandaoni kila neno linaamsha hisia ipi katika zile nane. Ikapatikana kamusi ya hisia. Mtafiti akitaka kujua shirika fulani la habari lilipanda nini mioyoni mwa watu wakati wa janga, anakusanya machapisho yake ya miezi kadhaa, anayapitisha kwenye kamusi hiyo, na kompyuta inamhesabia: hofu kiasi hiki, huzuni kiasi hiki, matarajio kidogo. Siku hizi zipo mashine zenye akili zaidi zinazosoma sentensi nzima, lakini msingi ni huo.

Mimi si mtu wa kompyuta, ila macho ya kusoma ninayo, na naona mapengo. Mashine inayohesabu maneno ikikutana na sentensi isemayo kwamba leo hakuna kifo hata kimoja, inalikamata neno kifo na kuandika huzuni, kumbe ndiyo habari njema kuliko zote za mwezi ule. Kamusi yenyewe ilipovushwa kuja katika lugha nyingine zaidi ya mia, ilivushwa na mashine ya tafsiri, ikavuka na hofu za Wazungu ndani yake. Nani aliiuliza Tandale au Likoni neno karantini linaamsha nini tumboni? Ndiyo maana niliposikia kwamba mwaka 2023 watafiti wa Kiafrika wametoa AfriSenti, twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za bara hili, Kiswahili kikiwamo, zikiwa zimesomwa na wenye lugha zao, nilishukuru. Hata hiyo inatofautisha chanya, hasi na yasiyo upande. Ni mwanzo. Hofu ya bibi wa Kariakoo aliyeambiwa asiende sokoni, wakati sokoni ndiko chakula chake kinakotoka, bado haijapata mizani.

Hata hivyo, mizani hii mbovu imeonyesha jambo la kututia aibu. Bruce Sacerdote, mwanauchumi wa chuo cha Dartmouth, na wenzake walipima habari za korona za mwaka 2020. Katika vyombo vikubwa vya Marekani, karibu habari tisa kati ya kumi zilikuwa na sauti hasi. Vyombo vikubwa vya nje ya Marekani vilikuwa karibu na nusu kwa nusu. Ugonjwa ulikuwa mmoja! Tena hata habari za majaribio ya chanjo yaliyokuwa yakifaulu, hata habari za shule kufunguliwa, kule Marekani zilivaa nguo nyeusi. Kumi na wawili wameingia nchi moja, na kumi wamerudi wanalia.

Kwa nini? Tusizunguke. Kilio kinalipa.

Mwaka 2023 lilitoka chapisho la watafiti waliopekua majaribio ya tovuti ya Upworthy, vichwa vya habari vya namna mbalimbali zaidi ya 105,000 vilivyobofywa mara milioni 5.7 hivi. Kila neno hasi lililoongezwa kwenye kichwa cha urefu wa kawaida liliongeza kubofywa kwa asilimia 2.3. Neno la furaha lilipunguza. Asilimia mbili na ushee ni kitu kidogo kwako wewe na mimi. Kwa anayeuza macho ya watu kwa mamilioni, ni mshahara.

Na mitandao ilijenga mizani yake ikaielemeza upande huohuo. Februari 2016 Facebook iliongeza alama za hisia kando ya ile ya kupenda: moyo, kicheko, mshangao, huzuni, hasira. Mwaka uliofuata, kama zilivyokuja kufichua nyaraka za ndani zilizovuja mwaka 2021, mashine inayopanga nini kitangulie kwenye simu yako iliagizwa kuihesabu kila alama ya hisia mara tano ya ile ya kupenda, ya hasira ikiwamo. Mtu akikasirika mara moja, kwa mashine ile ni kana kwamba watu watano wamependa. Wataalamu wao wenyewe waligundua kwamba machapisho yanayovuta hasira ndiyo yaliyobeba zaidi uongo na sumu. Septemba 2020 uzito wa hasira ukashushwa hadi sifuri. Septemba, wapendwa! Miezi sita ya mwanzo ya janga ilikuwa imeshapita.

Wala wasiseme hawakujua kwamba moyo wa mtu huambukizwa kupitia skrini. Walijua, kwa sababu walijaribu. Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook iliwachukua watumiaji 689,003 bila kuwauliza. Wengine ikawapunguzia machapisho ya furaha, wengine ya huzuni, kisha ikatazama wataandika nini. Walionyimwa furaha wakaandika maneno ya furaha machache na ya huzuni mengi zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo mno, naikiri, na wanaoikuza wanarudia dhambi ninayoikemea hapa. Lakini ilikuwepo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014 kila mtu ayasome.

Sasa nikupeleke mahali ambapo jambo hili linauma kweli. Florida, Januari 2021. Daktari mmoja alifariki wiki mbili baada ya kuchomwa chanjo ya korona. Gazeti la huko, South Florida Sun Sentinel, liliandika habari hiyo, na Chicago Tribune ikaichapisha pia. Kichwa chake kilieleza kwamba daktari aliyekuwa mzima wa afya amekufa baada ya chanjo na kwamba mamlaka ya afya inachunguza sababu. Je, kuna uongo hapo? Tafuta, hutaupata. Mtu alikufa, alikuwa amechanjwa, uchunguzi ulikuwa unaendelea. Baadaye mchunguzi wa vifo alisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema chanjo ndiyo iliyomuua, habari ikarekebishwa. Lakini ndege alishatoka tundu. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka ule, kiungo cha habari ile kilionekana na akaunti karibu milioni 54 ndani ya Marekani, kikakishinda kila kiungo kingine kwenye Facebook. Kampuni ilipotayarisha ripoti na kuona kilichoshika nafasi ya kwanza, iliikalia ripoti yenyewe. Gazeti la New York Times ndilo lililoifichua mwezi Agosti.

Hebu kaa na jambo hilo kidogo, wewe unayesema mimi naripoti tu. Katika kipindi ambacho chanjo ilikuwa inaokoa watu kila siku, kiungo kilichoonwa kuliko vyote hakikuwa uzushi wa mganga wa vichochoroni. Kilikuwa kazi ya gazeti la heshima, lenye wahariri, lenye wanasheria, na kila neno lake linaweza kutetewa mahakamani. Kilichotembea ni yule abiria wa pili. Mamilioni ya watu waliona kichwa, wakahisi baridi mgongoni, wakapita. Huenda wengi hawakubofya. Marekebisho yaliyowekwa ndani ya habari yalimfikia nani? Hofu husomwa kwenye kichwa cha habari. Faraja tumeificha aya ya tisa.

Hapo mtu ataniuliza: mchungaji, unataka tufiche majitu? Sitaki! Nasema sitaki, na aliye na masikio asikie, maana wapo waliojaribu njia hiyo, nasi tuliishi ndani yake. Mwaka 2020 Tanzania ilitoa hesabu ya wagonjwa 509 na vifo 21, na kisha hesabu ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwezi Mei tukaambiwa sampuli za mbuzi na papai zimeonekana kuwa na korona, vipimo vikatiliwa shaka, na Juni nchi ikatangazwa kuwa huru. Gazeti la Mwananchi lilisimamishiwa leseni ya mtandaoni kwa miezi sita kwa sababu ya picha. Kwanza Online TV ikafungiwa miezi 11 kwa kuweka kwenye Instagram tahadhari ya afya ya ubalozi wa Marekani. Viongozi walitaka kuondoa hofu, na sina haja ya kuihukumu mioyo yao. Wengine wako mbele ya Hakimu aliye mkuu kuliko mimi. Lakini hofu haikuondoka. Ilihamia kwenye sauti za WhatsApp zisizo na jina la msemaji, zikinong'ona juu ya mazishi ya usiku.

Na tazameni hofu ile ilifanya nini ilipokosa maelekezo. Ilijitafutia kazi. Ikapata nyungu, kujifukiza mvuke wa majani. Mitaa mizima ilinuka mwarobaini na michaichai. Wasomi walicheka, nami sikucheka hata kidogo, kwa kuwa niliona mikono ya watu inayoomba kupewa jambo la kufanya ili kuokoa watoto wao. Sisi tuliokuwa na kalamu na vipaza sauti tulikuwa wapi kuwapa?

Hili ndilo neno langu, na kwa ajili yake nimeshika kalamu. Mwaka 1992 mwanamke msomi wa mawasiliano aitwaye Kim Witte aliandika juu ya ujumbe wa kutisha, kwa nini mmoja hufanya kazi na mwingine hugeuka sumu. Alieleza hivi: mtu akitishwa, hupima mambo mawili, ukubwa wa hatari na uwezo wake wa kufanya kitu. Akiona hatari ni kubwa na kuna jambo analoweza, ataikabili hatari. Akiona hatari ni kubwa na hana la kufanya, ataikabili hofu yenyewe: ataikana, ataifanyia utani, atazima redio, atamchukia aliyemletea habari. Soma tena Hesabu 13 na 14. Kambi ililia, ikakana safari, ikaokota mawe. Witte angeweza kuandika karatasi yake akiwa amekaa Parani.

Kwa hiyo dhambi haiko kwenye hofu. Mungu ndiye aliyeitia hofu ndani ya mwili ili mtoto aogope moto. Dhambi ni hofu isiyo na kazi. Anayetangaza vifo vipya kwa king'ora chekundu na kuishia hapo ni kama mtu anayepiga kelele za nyoka ndani ya nyumba yenye giza, kisha anafunga mlango kwa nje. Nyoka yupo, sawa. Taa iko wapi? Fimbo iko wapi? Kalebu alisema majitu yapo na kazi ipo, na hakuwa akisema maneno ya jukwaani: akiwa mzee wa miaka 85 aliomba apewe mlima ule ule waliokaa Waanaki.

Na isiwe hofu peke yake. Hata hasira, ambayo wengi wetu wahubiri tunaikemea kwa mazoea, ina siku yake takatifu. Machi 27, 2020, siku kafyu ilipoanza Kenya, polisi waliwafyatulia mabomu ya machozi na kuwapiga virungu watu waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni wawahi majumbani. Mashirika ya habari yalizituma picha zile dunia nzima, na watu wakawaka. Aprili 1 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa ukatili ule. Hasira ile ilikuwa na anwani: ilimlenga mwenye uwezo wa kurekebisha, ikadai jambo lililowezekana. Haikutosha, wala virungu havikuisha siku ile. Lakini niambieni ni hasira ngapi za miaka ile zilizokuwa na anwani. Nyingi zilimwangukia Mchina aliyekuwa anapita njia, au jirani aliyerudi kutoka safari, au muuguzi aliyekuwa anashuka daladala na sare yake.

Huzuni nayo, sitaisahau. Wafu wetu walizikwa na watu wachache, bila matanga, bila mkono wa kushikwa, na kwenye mtandao wakawa kadi ya rangi nyekundu yenye tarakimu. Tarakimu tupu ndiyo hisia katili kuliko zote, kwa kuwa inajifanya haina hisia. Kila jioni kadi ile ilituambia leo wamepatikana wengi kuliko jana. Wangapi walipimwa? Mara nyingi kadi ilinyamaza, hata pale wizara ilipokuwa imetaja. Fanya hesabu mwenyewe: wagonjwa 200 katika watu 2,000 waliopimwa ni mmoja kati ya kumi, kesho yake wagonjwa 250 katika watu 5,000 ni mmoja kati ya ishirini. Hali imekuwa nafuu, na bado kadi inapiga kelele kwamba idadi imepanda. Hapo hakuna uongo wa kukaguliwa na mkaguzi yeyote. Kuna uvivu, na uvivu huo ulilaza watu macho wazi.

Usiku wa namna hiyo una gharama. Baada ya mabomu ya Boston mwaka 2013, watafiti waligundua kwamba watu waliotazama habari za tukio saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walionyesha msongo mkali kuliko waliokuwepo pale pale mabomu yalipolipuka. Aliyelisikia bomu kwa masikio yake alikuwa na nafuu kuliko aliyelitazama likilipuka mara mia sebuleni! Shirika la Afya Duniani lenyewe, Machi 2020, lilishauri watu wafuatilie habari za ugonjwa mara moja au mbili tu kwa siku. Nani aliyeusambaza ushauri huo? Hauna king'ora. Na mavuno tumeyaona: ripoti ya taasisi ya Reuters huko Oxford ya mwaka 2022 ilikuta watu 38 kati ya mia wakisema huzikwepa habari, mara nyingi au mara nyingine, kutoka 29 mwaka 2017. Mmewachosha, enyi wapiga ving'ora. Siku jitu la kweli litakapopanda kilimani watakuwa wameshazima simu.

Nawe msomaji, usijifiche nyuma ya mhariri. Kidole kilichosambaza ni chako. Sura ya Al-Hujurat, ndugu zetu Waislamu wanaijua vizuri, inawataka waumini wachunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, wasije wakaumiza watu bure. Nakuongezea uchunguzi wa pili: chunguza kilichokushika. Moyo ukianza kwenda mbio baada ya kusoma mistari miwili, shika simu yako, usishike kitufe. Jiulize umeogopa, umekasirika, umeona kinyaa, au umefurahi kwa sababu adui yako kapatikana na aibu. Itaje hisia kwa jina lake. Halafu uliza inakutuma wapi. Ikiwa inakutuma kunawa mikono, kumpigia mama yako, kumpeleka mtoto kliniki, isambaze na Mungu akubariki. Ikiwa haikutumi popote, na kitu pekee inachotaka ni wewe umwambukize mwingine, iache ife mkononi mwako. Watafiti wa Marekani waliozichambua habari 126,000 za Twitter za miaka 2006 hadi 2017 walikuta kwamba za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa uliozidi wa zile za kweli kwa asilimia 70, na walipotafuta mkosaji hawakukuta roboti. Walikuta watu. Walikuta mshangao na karaha ndani ya vidole vya watu wanaosali.

Wewe msimamizi wa grupu la jumuiya, nakusihi kwa namna ya pekee. Grupu lako la watu 80 ni kambi. Ukiamka usiku ukakuta mtu ameweka maiti za nchi ya mbali, usimjibu kwa sala tu. Muulize: tufanye nini, ndugu? Akikosa jibu, ifute.

Na sasa narudi kwenu wahariri, maana sijamaliza nanyi. Korona ilitangazwa kuwa si dharura tena Mei 5, 2023, lakini magonjwa hayakulisubiri tangazo lile wala kulitii. Machi 21 mwaka huohuo Marburg ilitangazwa Kagera, ikaua watu sita kati ya tisa walioipata. Agosti 14, 2024 mpox ikawa dharura ya dunia, ikiwaka zaidi Kongo, kwa ndugu zetu wa Kivu. Januari 2025 Marburg ikarudi Kagera, Biharamulo safari hii. Kila mara niliwatazama mnavyoandika. Wengine wenu mmejifunza: niliona machapisho yanayoeleza jinsi ugonjwa unavyopita kutoka mwili hadi mwili na namna ya kumhudumia mgonjwa bila kumkimbia. Wengine mlirudi kwenye ving'ora, mkaandika kwamba kirusi hakina tiba wala chanjo, mkaweka nukta. Bibi wa Biharamulo afanye nini na nukta yenu?

Mlipuko wa Marburg hautangazwi kwisha mpaka siku 42 zipite bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 za kirusi kujificha mwilini, mara mbili. Mwaka 2023 siku hiyo ilifika Juni 2. Mwaka 2025 ilifika Machi 13. Nyuma ya kila siku kati ya zile 42 kuna wauguzi waliovaa mavazi mazito kwenye joto la ziwa, kuna vijana waliotembea kijiji kwa kijiji wakiwafuatilia waliomgusa mgonjwa, kuna wafiwa waliokubali kuzika bila kuosha maiti wao. Watu wale walipanda kwenye majitu na wakashuka wakiwa hai. Mkawapa mistari mitatu, bila picha, saa nne usiku.

Msifanye hivyo tena. Mlipuko ujao ukifika, na utafika, andika jitu lilivyo, urefu wake na meno yake, na katika chapisho hilo hilo, siyo la kesho, weka dalili zake, weka waliopimwa pamoja na waliopatikana nao, weka namba 199 ambayo Mtanzania anapiga bure. Anza kuhesabu siku 42 hadharani, kila asubuhi, msomaji ahesabu pamoja nawe. Siku ya mwisho ikifika, chukua herufi kubwa zile zile ulizozitumia siku ya kwanza, chukua rangi ile ile, saa ile ile ya watu wengi, na utangaze kwamba umekwisha, na nani waliumaliza, na walifanya nini.